Kirusi kilichopanda pamoja na moyo

Swali: "Mimi ni mfugaji mdogo wa nguruwe huku Moshi. Kaka yangu figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimesoma kwamba Marekani wanawapandikizia watu figo na mioyo ya nguruwe, na kwamba mgonjwa wa kwanza wa moyo aliuawa na virusi vya nguruwe. Mwaka juzi homa ya nguruwe ilinimalizia banda zima ndani ya wiki mbili. Je, virusi kama hivyo havitaingia kwa mtu, kisha vikasambaa kwetu sote kama UKIMWI? Na wewe mwenyewe ungekubali kuwekewa?"

Dada, pole kwa kaka, na pole kwa banda. Nianze na banda, maana jibu lake ni fupi. Homa ya nguruwe iliyokumalizia mifugo haimpati mtu. Iliandikwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, daktari wa mifugo aliyekuwa Kenya, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa makundi huku ngiri wa porini hawana habari. Kirusi chake kinaishi ndani ya ngiri na ndani ya papasi wanaojificha kwenye mashimo yao. Kwa nguruwe wa kufugwa ni kifo. Kwa binadamu hakifanyi kitu. Kwa miaka 100 na ushee watu wamechinja, wamechuna, wamekula, na wengine wamekula kitimoto cha mnyama aliyekuwa tayari taabani (tusidanganyane, yanafanyika), na homa hiyo haijamlaza mtu kitandani. Hasara yake iko mfukoni, na najua ni kubwa.

Sasa tuje kwa mgonjwa wa Marekani, maana habari yake imesimuliwa vibaya sana huku kwetu.

Aliitwa David Bennett, mwenye miaka 57. Tarehe 7 Januari 2022, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Maryland mjini Baltimore, timu ya daktari Bartley Griffith na mwenzake Muhammad Mohiuddin ilimwekea moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni 10. Hakuwa mtu mwenye afya aliyejitolea kujaribiwa. Alikuwa amelala kitandani wiki nyingi, anaishi kwa mashine iliyoshika kazi ya moyo na mapafu, na alikwisha kukataliwa kwenye orodha ya wanaosubiri moyo wa binadamu. Moyo ule wa nguruwe ulidunda vizuri kwa wiki zaidi ya sita. Halafu ukabadilika ghafla, na tarehe 8 Machi akafariki.

Baadaye ndipo ikajulikana kwamba nguruwe yule hakuwa msafi kama ilivyodhaniwa. Ndani ya moyo wake alibeba kirusi kinachoitwa sitomegalovirusi ya nguruwe, kwa kifupi PCMV. Jina lenyewe linapotosha. Ukiangalia jeni zake, kirusi hiki kiko karibu zaidi kiukoo na kirusi cha binadamu kinachowaletea watoto wadogo homa ya siku tatu na vipele kuliko na sitomegalovirusi yetu. Upotoshaji huo una madhara, kwa sababu dawa ya kwanza anayoikimbilia daktari kwa sitomegalovirusi ya binadamu haikibani vizuri hiki cha nguruwe.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu jambo kubwa katika suala zima hili ni namna gani tunapima, kuliko hata kirusi chenyewe ni kikali kiasi gani.

Mimi kwa fani ni daktari wa mifugo niliyeishia maabara ya virusi. Wewe umeshika nguruwe, kwa hiyo utanielewa. Nguruwe mkubwa hakubali pua yake iguswe. Unampitishia kitanzi cha waya kwenye taya la juu, mwenzako anavuta kwa uzito wote wa mwili, mnyama anapiga ukelele unaopasua masikio, nawe una sekunde chache za kuzungusha kijiti cha pamba puani. Kijiti kinatoka na kamasi, na mara nyingi kamasi hiyo ina pumba za chakula na vumbi la banda. Unakitia kwenye kichupa, unakipeleka maabara, mashine ya PCR inatafuta vinasaba vya kirusi. Kama vipo, mstari unainuka kwenye skrini. Kama havipo, mstari unalala chini hadi mwisho, nawe unaandika "hasi" na kwenda kunywa chai.

Niliwahi kuandika "hasi" kwa kundi zima namna hiyo. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu akachukua damu ya wanyama walewale, akatafuta kingamwili badala ya kirusi, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kupambana na adui. Karibu wote walikuwa nazo. Kirusi kilikuwemo siku zote, ila hakikuwa puani.

PCMV ndivyo ilivyo. Humwingia kitoto cha nguruwe katika wiki za mwanzo, akapiga chafya na kuvuja makamasi siku chache, halafu akapona. Kirusi hakiondoki. Kinajikunja ndani ya chembe za mwili kikalala, maisha yote. Nguruwe wa kufugwa wanacho karibu kila pembe ya dunia, na sitashangaa hata wako walikuwa nacho. Nguruwe wa Bennett alipimwa puani, zaidi ya mara moja, na majibu yakawa hasi. Kipimo hakikudanganya. Kiliulizwa swali lisilofaa.

Siku ya 20 baada ya upasuaji, kipimo cha hali ya juu cha damu ya Bennett kilionyesha dalili ndogo sana ya vinasaba vya kirusi hicho. Dalili ndogo kiasi kwamba madaktari walidhani huenda ni kosa la maabara, na nawaelewa. Kwenye PCR, mstari unaochelewa kuinuka hadi mzunguko wa 38 kati ya 40 ya mashine unaweza kuwa kirusi, au tone lililoruka kutoka kichupa cha jirani. Mbaya zaidi, kipimo kile kilichukua siku kadhaa kurudisha jibu. Walipokuja kuona kiwango kinapanda kwelikweli, kirusi kilikuwa kimeshawatangulia.

Je, ndicho kilichomuua? Magazeti yalipenda kusema ndiyo. Uchunguzi wa timu yenyewe, uliochapishwa 2022 na kukamilishwa 2023, ulikuwa mwangalifu zaidi. Hawakupata ushahidi kwamba kirusi kiliambukiza chembe za mwili wa Bennett mwenyewe. Kilibaki ndani ya moyo wa nguruwe. Ila kiungo chenye kirusi hiki huvimba na mishipa yake midogo huharibika. Moyo wa Bennett ulipotolewa baada ya kifo ulikuwa na uzito wa karibu mara mbili ya siku ulipopandikizwa, umejaa maji. Yapo na mengine waliyoyataja: udhaifu wake wa awali, kinga iliyokuwa chini tangu mwanzo, na kingamwili za watu wengine alizotiliwa kwa dripu kumsaidia, ambazo inaelekea baadhi yake ziliushambulia moyo wenyewe. Kwa hiyo kirusi kilikuwa mmoja wa washitakiwa. Mimi kwa maoni yangu nakiweka mbele kwenye kizimba, kwa sababu kilikwisha kuonekana kikifanya hivyo kwa nyani.

Hilo ndilo linaloniuma. Onyo lilikuwepo. Watafiti waliokuwa wakipandikiza figo za nguruwe kwa nyani walikwisha kuripoti kwamba figo zenye PCMV ziliishi wastani wa wiki 2 hivi, na zisizo nayo zikaishi wiki 7 hivi. Ujerumani, timu ya Munich iliyokuwa ikipandikiza mioyo kwa nyani ilifika hadi siku 195 kwa nyani mmoja. Walipochunguza walioishi muda mfupi, kirusi kikaonekana. Joachim Denner, mtaalamu wa virusi wa Berlin, alikuwa akisisitiza kwa miaka: msipime pua peke yake, pimeni damu, tafuteni kingamwili. Alisikilizwa vizuri baada ya Bennett.

Kukisafisha kirusi hiki si kazi ya ajabu, na wewe kama mfugaji utaona mantiki yake haraka. Kwa sehemu kubwa kitoto hakizaliwi nacho. Hukipata kwa mama na wenzake wiki za mwanzo. Basi jike anapasuliwa kabla hajazaa, vitoto vinatolewa na kupelekwa moja kwa moja kwenye chumba safi, havinusi banda la mama wala havinyonyi. Dang'a linakosekana, na hilo ni tatizo kwa kinga yao, kwa hiyo wanalelewa kwa maziwa ya kopo kwenye hewa iliyochujwa, mhudumu anaoga kabla ya kuingia na anaoga tena akitoka, na popo, panya, shomoro au nzi hawana mlango. Kampuni ya United Therapeutics ilifungua banda la namna hiyo mjini Christiansburg, jimbo la Virginia, mwaka 2024, kwa gharama ya dola milioni 75 hivi. Ndiyo, banda. Neno lingine sina.

Kuna kundi la pili la virusi, na hili hata banda la dola milioni 75 haliliwezi.

Virusi hivi havimo ndani ya nguruwe kama mgeni ndani ya nyumba. Vimeandikwa kwenye jeni zake. Mamilioni ya miaka iliyopita virusi jamaa ya VVU viliwaingia mababu wa nguruwe, vikajichomeka kwenye vinasaba vya mayai na manii, na tangu hapo kila nguruwe anazaliwa navyo katika kila chembe ya mwili wake, kuanzia kwato hadi mkia. Wataalamu wanaviita PERV. Usimcheke nguruwe: asilimia 8 hivi ya vinasaba vyako na vyangu ni mabaki ya virusi vya aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba vyetu karibu vyote ni mizoga, ilhali baadhi ya vya nguruwe bado vina uwezo wa kuamka na kutengeneza virusi hai.

Mwaka 1997 kundi la Robin Weiss huko London lilionyesha kwamba PERV kutoka chembe za nguruwe zinaweza kuambukiza chembe za binadamu kwenye sahani ya maabara. Taharuki yake ilikuwa kubwa. Wakati ule dunia ilikuwa bado inazika watu kwa UKIMWI kila siku, sisi tukiwa mstari wa mbele wa makaburi, na kusikia kuna jamaa ya VVU ndani ya kila nguruwe kulitosha. Marekani ilisimamisha majaribio kwa muda. Kampuni zilizokuwa zimemwaga fedha zikarudi nyuma, na sehemu kubwa ya miaka iliyofuata utafiti ulitambaa.

Kisha watu wakaenda kuangalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa 160 waliowahi kutibiwa kwa tishu hai za nguruwe, wakiwemo waliopitishiwa damu kwenye wengu au ini la nguruwe nje ya mwili, na waliowekewa ngozi au chembe za kongosho. Hakuna hata mmoja aliyekutwa ameambukizwa PERV. Kilichonishangaza nilipousoma ni kingine: katika wagonjwa 23 kati yao, chembe za nguruwe zilikuwa bado zinaonekana damuni, wengine hadi miaka minane na nusu baadaye. Yaani nguruwe alikuwemo, PERV ilikuwemo ndani ya chembe za nguruwe, na bado haikuvuka. Hadi leo hajapatikana mtu aliyeambukizwa PERV.

Wako wasioridhika na "hadi leo". Kampuni ya eGenesis, iliyotokana na maabara ya mwanasayansi wa jeni George Church na mwanafunzi wake Luhan Yang, iliamua kuvizima virusi hivyo moja baada ya kingine kwa mkasi wa jeni uitwao CRISPR. Mwaka 2015 walizima nakala zote 62 kwenye chembe za maabara, na 2017 wakatangaza vitoto hai vya nguruwe visivyo na PERV inayofanya kazi. Figo aliyowekewa mgonjwa Richard Slayman huko Boston, Machi 2024, ilitoka kwa nguruwe wao mwenye mabadiliko 69 ya jeni, na 59 kati ya hayo yalikuwa ya kuzima PERV tu. Kampuni nyingine, Revivicor, ile iliyotoa moyo wa Bennett, haikuona haja ya kuvizima vyote. Inachagua nguruwe wasio na aina ya C, ambayo ikichanganyika na aina ya A huzaa kirusi chenye nguvu zaidi. Ukiniuliza nani ana haki, nitasema eGenesis wamelipa bima ghali kwa ajali ambayo haijawahi kutokea. Si ujinga kulipa bima. Ila usimwone asiyeilipa kuwa mhalifu.

Kuna jambo moja la kibaiolojia ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha nje ya vikao vya wataalamu, nami naona ndilo la kuvutia kuliko yote. Chembe za nguruwe zimevaa sukari fulani, inaitwa gal, ambayo binadamu hana. Tangu utotoni damu yetu ina kingamwili dhidi ya sukari hiyo, kwa wingi. Ndiyo sababu kiungo cha nguruwe wa kawaida kikiwekwa kwa mtu huwa cheusi ndani ya dakika au saa. Kwa hiyo badiliko la msingi la jeni lilikuwa kuiondoa gal. Vizuri. Lakini kirusi kinapotoka kwenye chembe hujivika kipande cha ngozi ya chembe hiyo. Kirusi kilichotoka kwa nguruwe wa kawaida kinaingia damuni mwetu kimevaa gal, na kingamwili zinakirukia mlangoni. Kilichotoka kwa nguruwe aliyeondolewa gal kinaingia bila sare ya ugeni. Tumeondoa kizuizi kwa kiungo, na kwa kufanya hivyo tumekiondoa kwa kirusi pia.

Na upande wa pili: nguruwe hawa wameongezewa jeni za binadamu ili kiungo kisishambuliwe. Moja inaitwa CD46. Virusi vya surua, baadhi ya aina zake, hutumia CD46 kama mlango wa kuingilia kwenye chembe. Kwa hiyo tumewawekea wanyama wale mlango ambao hawakuwa nao. Sisemi kwamba watapata surua. Nasema kila badiliko la jeni lina upande wake wa virusi, na mtu wa virusi inabidi awepo chumbani linapoamuliwa, asiitwe baada ya msiba.

Virusi vingine nitavipita haraka. Homa ya ini aina ya E ipo kwa nguruwe na inavuka kwenda kwa watu. Ulaya watu huipata kwa kula ini lisiloiva. Kwa mwenye kinga nzuri mara nyingi hupita yenyewe, kwa aliyepandikizwa kiungo inaweza kuganda na kulitafuna ini taratibu. Inapimika, na nguruwe mwenye nayo anaondolewa. Mafua nayo yanapimika. (Tegu, ambaye anatusumbua sana Mbulu na nyanda za juu kusini hata kuleta kifafa, ni mnyoo na si kirusi, na banda safi halimruhusu. Nimemtaja kwa sababu ninyi wafugaji huniuliza kila mara.)

Halafu kuna visivyojulikana. Mwaka 1998, huko Malaysia, wafanyakazi wa mabanda ya nguruwe walianza kuanguka kwa homa ya ubongo. Ilidhaniwa ni ugonjwa wa mbu. Kumbe wafugaji walikuwa wamepanda miembe kando ya mabanda, popo wala matunda wakaja kula usiku, wakadondosha maembe yaliyotafunwa nusu, nguruwe wakayala. Kirusi ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kikatoka kwa popo hadi kwa nguruwe na kutoka hapo hadi kwa watu; kiliitwa Nipah kwa jina la kijiji. Watu 105 walikufa nchini humo na nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa. Kabla ya hapo hakikuwepo kwenye orodha yoyote ya vipimo, na huwezi kupima kisicho na jina. Kinga pekee dhidi ya kirusi cha aina hiyo ni ukuta: mnyama asiwahi kukutana na popo, tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa hiyo wale wanaoona banda la Virginia ni anasa, mimi naona ndilo sehemu ya maana kuliko hata jeni.

Sasa lile la UKIMWI. Hofu yako si ya kitoto. VVU vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, vikaingia kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, vikapata mji wa kukulia ambao leo tunauita Kinshasa, na vikatembea kimya miongo kadhaa kabla ya daktari yeyote kujua. Kimya ndicho kilichotuua. Mtu anaambukizwa leo na kuugua baada ya miaka, na katikati hana habari.

Kwa sababu hiyohiyo wapandikizaji waliacha nyani na sokwe. Mwaka 1992 Thomas Starzl, huko Pittsburgh, alimpandikizia mtu ini la nyani, na mwaka uliofuata mwingine. Kadiri mnyama anavyokuwa jamaa yetu wa karibu, ndivyo virusi vyake vinavyojua njia za mwili wetu. Nguruwe yuko mbali kiukoo; virusi vyake vingi vikiingia kwetu vinajikuta ugenini, havina ufunguo wa mlango. Tofauti nyingine na VVU ni kwamba safari hii watu wanaangalia. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2001 ilitaka sampuli za mnyama na za mgonjwa zihifadhiwe miaka 50, mgonjwa afuatiliwe maisha yake yote, asitoe damu, na mwenza wake aelezwe hatari kabla ya upasuaji, si baada. Tatizo langu na miongozo hiyo ni dogo lakini halina dawa: mtu aliyepona atachoka kutolewa damu. Atahama mji. Atabadilisha namba ya simu. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu huru kuwa mgonjwa wa utafiti hadi kaburini, wala sidhani ingefaa iwepo.

Mtu aliyewekewa kiungo anameza dawa za kushusha kinga kila siku, na hapo ndipo kirusi dhaifu kinaweza kupata muda wa kujifunza. Kwa hiyo siwezi kukuambia hatari ya kusambaa ni sifuri. Naiona ndogo, na naiona inasimamiwa. Waliokwama baada ya Bennett, hawa ninaowataja, wamekwama kwa sababu nyingine. Lawrence Faucette, wa pili kuwekewa moyo, Septemba 2023, aliishi karibu wiki 6, na mwili ulionyesha kuukataa moyo. Slayman alifariki Mei 2024, na hospitali ikasema hakukuwa na dalili kuwa figo ndiyo iliyosababisha. Towana Looney wa Alabama alikaa na figo ya nguruwe siku 130 kisha ikakataliwa, baada ya dawa zake za kushusha kinga kupunguzwa ili kumtibu maambukizi mengine. Ikatolewa naye akarudi kwenye mashine. Tim Andrews alifikisha siku 271 kabla figo yake ya nguruwe kutolewa, Oktoba 2025. Katika habari zao, adui ni kinga ya mwili na udhaifu wa wagonjwa wenyewe.

Nije kwa kaka yako, maana ni kwa ajili yake umeniandikia barua hii hata kama hukusema hivyo. Figo ya nguruwe haipo Afrika Mashariki, na hata Marekani bado ni ya majaribio. Kilichopo ni figo ya ndugu. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma ikafuata 2018. Usidhani figo ya binadamu ni safi kwa asili. Mwaka 2004, huko Texas, wagonjwa wanne waliopokea viungo na mshipa kutoka kwa mtu mmoja aliyekufa walifariki wote kwa kichaa cha mbwa, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumpima marehemu kirusi hicho. Nguruwe wa maabara anajulikana siku aliyozaliwa, alichokula na nani alimgusa. Binadamu mfadhili anakuja na maisha yake yote.

Kirusi kinachonitia wasiwasi kwa kaka yako kwa sasa hakitoki kwenye nguruwe yeyote. Ni homa ya ini aina ya B, na ya C, ambazo wagonjwa wa kusafishwa damu huambukizana kwenye mashine, viti na mikono ya wahudumu wanaporuka hatua. Mwulize kama amechanjwa ya B. Mgonjwa wa figo huhitaji dozi kubwa kuliko ya kawaida, na baada ya kumaliza inabidi apimwe damu kuona kama kingamwili zimefika kiwango, kwa sababu wengi wao chanjo haiwashiki mara ya kwanza. Wakimwambia "umechanjwa, inatosha", aombe kipimo hicho kwa jina: kingamwili za homa ya ini B.

Uliniuliza kama mimi ningekubali. Ningekuwa na miaka yangu hii, mashine mara tatu kwa wiki, hakuna ndugu anayelingana nami, ningekubali. Nisingeuliza sana kuhusu PERV. Ningeomba karatasi ya nguruwe: alitolewa tumboni kwa upasuaji au alizaliwa kawaida, alinyonya au hakunyonya, na kipimo cha PCMV kilifanywa kwa kijiti cha pua au kwa kingamwili za damu. Wangenijibu "pua", ningevaa viatu nirudi kwenye mashine.